Hodi ya Jumapili

Ukitaka kuona watu wazima wakisahau malezi, nenda soko la Fyshwick Jumapili alasiri, muda mfupi kabla halijafungwa. Wachuuzi waliokuwa wakikuita "bibie" asubuhi sasa wanakubebesha kabichi utake usitake, na sauti zimewakauka kwa kunadi. Katika ghasia hiyo ndimo alimoingia Lorna Petrie, koti lake refu la kijani likimfika vifundoni, skafu ya sufu imezungushwa shingoni mpaka mdomo hauonekani. Alichukua chenza moja tu, akamnyooshea mwenye kibanda.

"Moja?" Drazen Perkovic akang'aka. Alikuwa mrefu, mikono ya shati ameikunja ingawa baridi ya Julai ilikuwa ikipenya mifupani, na aproni yake ilijaa udongo wa viazi. "Jamani, njooni mwone! Mimi nagawa sanduku zima kwa bei ya kutupa, dada huyu anataka moja!"

"Naishi peke yangu."

"Kula moja basi, yaliyobaki mpe mumeo."

"Mume wangu alishafariki."

Drazen akawa mwekundu mpaka masikioni. Akalichukua lile chenza, akalimenya polepole kwa vidole vyake vinene, akamrudishia likiwa tayari.

"Nisamehe. Mdomo huu mama yangu ameuombea kanisani mpaka amechoka."

Hapo Lorna akacheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini mbele ya mtu asiyemjua.

"Unakimbilia wapi?" Drazen akauliza.

"Kazini. Kule bondeni, kwenye madishi makubwa ya kunasa sauti. Nasikiliza chombo cha angani kilichokwisha kuzipita sayari zote."

"Ehe? Kinasemaje?"

"Kinasema kinaona baridi."

"Kipelekee chenza," Drazen akasema, akamtilia mfuko mzima kwapani kabla hajakataa.

Chombo chenyewe kiliitwa Petrel. Kilirushwa Lorna akiwa bado shuleni, na sasa kilikuwa mbali kiasi kwamba neno likitumwa leo jioni hukifikia kesho alasiri, na jibu lake hurudi siku inayofuata. Walioizoea kazi hiyo huwa na tabia yao. Wakishatuma neno, hawahangaiki. Wanakunywa chai, wanakwenda kulala, wanarudi. Kimya hakiwatishi mpaka saa ya jibu ipite.

Lakini Lorna alikuwa na jambo lake jingine na Petrel. Mumewe Gethin aliwahi kufanya kazi Marekani na wale wanaoandika amri za chombo hicho. Gethin alikuwa mtu wa kusahau funguo, na kila alipozisahau aligonga mlango mara tatu, akatulia, kisha akagonga mara moja. Basi kwa mchezo wa mapenzi, na kwa ruhusa ya wakubwa waliokuwa na moyo, aliuingiza mdundo ule katika amri za chombo. Kila Jumapili baada ya magharibi, mstari wa sauti ya Petrel kwenye skrini hupanda mara tatu, ukatulia, ukapanda mara moja. Miaka minne iliyopita, asubuhi ya ukungu, gari la Gethin lilimgonga kangaruu barabarani likaacha njia. Alizikwa. Chombo hakikujua. Chombo hutii cha mwisho kilichoambiwa, nacho kiliendelea kupiga hodi.

Na kila Jumapili Lorna alikuwa kitini, na mdundo ulipofika alisema kwa sauti ya chini, "Karibu."

Mapenzi ya Drazen yaliingia kwa simu. Alipiga asubuhi akipanga nyanya, akapiga mchana akila.

"Malkia wangu wa anga, umeamkaje?"

"Nimeamka na mtu anayepiga kelele sikioni."

"Kelele ndizo zilizokupata. Jioni nakuja na samaki."

"Njoo. Lakini usiimbe ngazini, majirani wamelalamika."

"Wana wivu hao."

Aliimba ngazini. Alipika samaki, akavunja sahani, akavaa shati la hariri la zambarau lililomfanya aonekane kama mwimbaji wa harusi, na Lorna alipomtania alisema shati hilo limepata mwanamke mzuri, sasa halivuliwi. Lorna alimpenda. Lilimjia wazi siku moja akikausha vyombo, likamtia hofu. Maana Jumapili jioni mama yake Drazen alikuwa akiandaa meza kwa ukoo mzima, na kila Jumapili kiti cha Lorna kilibaki kitupu.

"Kazi gani hiyo isiyo na zamu?" Drazen alimuuliza.

"Ndivyo ilivyo, mpenzi. Usiniulize sana."

Hakumwambia. Angeanzia wapi? Kule Marekani nako walikuwa wamemwandikia mara kadhaa, kwa upole. Umeme wa Petrel ulikuwa ukipungua, kila tone sasa lilikuwa na thamani, na mdundo wa Gethin haukuwa na kazi. Hawataufuta bila ridhaa yake. Je, anaridhia? Lorna alikuwa hajawajibu tangu masika. Kuridhia kulikuwa ni kumuua Gethin kwa mkono wake mwenyewe, ndivyo alivyoona.

Jumatano moja, soko likiwa limefungwa, Drazen alimkaribisha kwake kula kabichi zilizofungwa nyama, mapishi ya mama yake. Akafuta mikono, akakaa mbele yake.

"Lorna, mimi si mtu wa maneno mazuri. Nataka nikuoe. Unasemaje?"

Lorna alimtazama. Swali lilimwingia, likaanza kwenda, na moyo wake ukatulia kabisa kama unavyotulia kazini neno likishatumwa. Alijua jibu litakuja. Akaunyanyua mkono wa Drazen, akaubusu, akavaa koti, akaenda zake nyumbani akiwa na furaha. Hakusema neno. Wala haikumpitia akilini kwamba kuna binadamu anayeulizwa hivyo akajibiwa vile, kisha akalala usingizi.

Drazen hakulala. Alhamisi alipiga simu tangu asubuhi. Lorna alikuwa zamu, na bondeni simu huzimwa langoni zisizisumbue sauti dhaifu za mbali. Mchana Drazen akamwachia dada yake kibanda, akaendesha gari mpaka kituoni. Kwenye mgahawa wa wageni alimkuta Farrell, mwenzake Lorna, mzee mcheshi mwenye ndevu za rangi ya moshi, akipulizia chai.

"Lorna? Yuko ndani, kaka, hawezi kutoka. Wewe ndiye wa machenza? Tumeyala sana!"

"Mwambie namtafuta. Na Jumapili naye mpeni nafasi, bwana, mnamfanyisha kazi kama punda."

"Sisi?" Farrell akashangaa. "Jumapili si zamu yake. Anakuja mwenyewe kwa ajili ya hodi ya mumewe." Akasimulia yote kwa nia njema, akidhani Drazen anajua.

Usiku Lorna aliziona simu zake, akaziacha, maana saa ya jibu ilikuwa haijafika. Ijumaa jioni, jibu likiwa limemkamilikia moyoni, Lorna aliingia sokoni amevaa gauni la bluu chini ya koti, midomo kaipaka rangi.

"Ndiyo," akasema. "Nimekubali. Ndiyo!"

Drazen aliendelea kupanga viazi. "Leo ndiyo umekumbuka?"

"Nilikuwa nakujibu, Drazen. Jibu lilikuwa njiani."

"Siku mbili! Mimi nimekaa na simu kama mgonjwa anayesubiri majibu ya daktari! Mimi siko nyuma ya sayari, Lorna, niko hapa Fyshwick." Sauti ikamshuka. "Na nimejua unakokwenda Jumapili."

Lorna akashika ukingo wa meza.

"Angekuwa hai ningempiga ngumi, tukamalizana," Drazen akasema. "Maiti nitampiga wapi? Ananibishia hodi kila wiki, na wewe kila wiki unamfungulia. Nakupenda mpaka naona aibu. Lakini ndoa ya watu watatu siiwezi. Nenda, mpenzi. Nenda, nina wateja."

Hakukuwa na mteja hata mmoja. Lorna aliondoka, akalia ndani ya gari mpaka vioo vikaingia mvuke.

Jumapili hiyo alikaa kitini kama kawaida. Hodi ikaja, tatu, kimya, moja. Alisema "Karibu," na kwa mara ya kwanza alisikia chumba kilivyokuwa kitupu baada yake. Farrell alikuwa nyuma yake, kichwa chini.

"Nimekuharibia, binti. Mdomo wangu huu."

"Hujaniharibia. Farrell, nikuulize. Yule anayegonga ni nani?"

Mzee akafikiri. "Gethin aligonga siku ile alipoandika. Tangu hapo inagonga mashine, kwa sababu haijaambiwa iache. Maskini, nayo inatumia umeme wake wa mwisho."

Lorna alikwenda chumba cha pili, akainua simu ya kituo, akawapigia Wamarekani. Alisema anaridhia. Alisema na zaidi: siku ya kutuma amri ile, atume yeye.

Waliiandaa wiki nzima. Jumamosi jioni amri ilikuwa tayari. Dishi kubwa lilikuwa limelielekea giza lile lile alilolizoea, na theluji ilionekana juu ya milima. Lorna aliweka kidole. Alisema, "Nisamehe, bwana wee," akabonyeza. Hakuna kilichotikisika. Akaendesha gari mpaka juu ya kilima simu inapoanza kushika, akampigia Drazen.

"Usikate," akasema haraka. "Nimeifuta. Nimetuma sasa hivi. Lakini haijafika, na ile ya kesho itaondoka huko kabla amri haijafika. Zitapishana njiani. Kesho ndiyo ya mwisho. Siwezi kuisikia peke yangu, Drazen. Sikuiti kwa ajili ya ndoa. Nakuita kwa sababu naogopa."

"Mama atanuna kwa chakula chake," Drazen akasema hatimaye. "Saa ngapi?"

Alikuja na lile shati la zambarau, kalipiga pasi, kofia mkononi, akasimama karibu na mlango wa chumba cha kusikilizia kama mtu aliyeingia nyumba yenye msiba. Farrell alifungua spika. Sauti ya Petrel ilijaa chumbani, mvumo mwembamba usio na mwisho, kama upepo chini ya mlango. Drazen akahisi nywele zinamsimama.

"Huyo ndiye?" akanong'ona.

"Ndicho," Lorna akasema. "Chombo tu."

Ilipofika saa yake hodi ikagonga. Moja. Mbili. Tatu. Ikatulia. Lorna alifungua mdomo, neno likakataa kutoka. Miaka minne lilikuwa likitoka lenyewe, leo limekwama, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye skafu. Ikagonga mara moja ya mwisho.

Hapo Drazen akasogea mpaka nyuma ya kiti chake. Hakumgusa.

"Mwitikie," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu amekuja toka mbali hivyo. Hafukuzwi mlangoni."

"Karibu," Lorna akasema. "Karibu, Gethin. Karibu, na kwaheri."

Mstari ukalala. Mvumo ukaendelea kama ulivyokuwa. Farrell akajifanya anatafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni.

Lorna aligeuka na kiti. Uso wake ulikuwa umevimba, pua nyekundu.

"Niulize tena," akasema.

"Hapa? Hivi ulivyo?"

"Hapa hapa."

"Lorna Petrie, utakubali niku—"

"Ndiyo."

Alimvuta kwa kola ya hariri, akauficha uso wake shatini, akalia kilio alichokuwa hajakilia tangu mazishi, na Drazen akamshika bila kumbembeleza wala kumtania.

Huko mbali amri yake ilikuwa imeshafika tangu alasiri. Petrel kilikuwa kimeisoma na kuitii, kikaendelea na safari yake bila kumgongea mtu yeyote. Nje ya dirisha dishi kubwa lilimaliza zamu, likaanza kugeuka taratibu kwenda kusikiliza chombo kingine. Farrell alilitazama mpaka likasimama. Lorna hakuangalia.