Pumzi ya Kuazima

Kompyuta ilikuwa ikisoma habari ya mvua ilipovuta pumzi.

Haikuwa sauti kubwa. Ilisema mvua za vuli huenda zikachelewa, ikanyamaza kidogo, ikavuta hewa kwa taabu kama mtu aliyepanda ngazi na gunia mgongoni, kisha ikaendelea kuwaambia wakulima wasubiri. Mapenzi aliacha kuchagua mchele. Mama yake, Sarah, aliyeketi mbele ya spika kwenye kiti cha plastiki, hakushtuka. Alitabasamu.

"Umesikia, Mame?" Mapenzi akauliza.

"Nimesikia. Amechoka. Anatusomea tangu asubuhi."

Sauti ile ilikuwa ya Jefwa, kaka yake Mapenzi, waliyemzika kabla ya Pasaka.

Jefwa alikuwa fundi wa kompyuta pale Mtopanga. Presha ya macho ilipoanza kumzima mama yao nuru, na mama akawa anawaomba majirani wamsomee gazeti, Jefwa aliapa kwamba mama hataomba tena. Akaanza kujenga mfumo wake wa kompyuta. Alitumia Linux kwa sababu haijafungwa kwa kufuli: mtu anaruhusiwa kuifungua, kutoa asichokitaka, kutia chake na kuijenga upya. Ndani yake kila kazi imo katika kifurushi chake. Saa ina kifurushi, kikokotoo kina kifurushi, hata ile mishale midogo ya kioo ina chake. Fundi huchagua vifurushi, mashine ikavikusanya, likatoka toleo moja la kutia kwenye kompyuta yoyote kuukuu.

Kifurushi alichokihitaji Jefwa hakikuwapo popote alipotafuta: sauti ya kusoma Kiswahili kama kinavyosemwa Pwani. Basi akaitengeneza kwa sauti yake mwenyewe. Kila jioni alijifunika blanketi kichwani ili kelele za pikipiki zisiingie, akatamka neno moja baada ya jingine. Mapenzi, aliyeacha shule kidato cha pili karo iliposhindikana, ndiye aliyekata na kusafisha sauti hizo. Kazi yake kubwa ilikuwa pumzi. Jefwa alikuwa na pumu, na kila neno lilikuja na mluzi wake. Mapenzi alizikata pumzi zile zote akazitupa. Alizijua kuliko alivyoyajua maneno.

Ndiyo maana mchele ulimganda mkononi. Ndani ya mashine ile hakukuwa na pumzi hata moja.

Jefwa hakuuona mfumo ukikamilika. Mapenzi aliumaliza peke yake, kwenye meza ya nyuma katika duka la intaneti la Jafar, rafiki wa marehemu. Siku toleo lilipokuwa tayari, mashine iliuliza mfumo huu uitwe nani. Mapenzi aliandika Jefwa bila kufikiri. Waliupeleka nyumbani, wakauwasha, na mama aliposikia sauti ya mwanawe ikisema karibu, alichovya kidole katika kikombe cha maji, akaipaka kompyuta, akasema yale maneno ambayo bibi wa kwao huyasema mtoto mchanga anapopewa jina la marehemu: "Jefwa, umerudi. Keti nasi." Jafar alicheka, akageuka upande akajifuta macho.

Baada ya pumzi ile ya kwanza, zikaja nyingine. Kisha ikaja harufu. Mapenzi alikuwa akianua nguo mchana wa jua kali alipoinusa ikitoka dirishani: mafuta ya mkaratusi, yale aliyojipaka Jefwa kifuani. Chupa ile walikuwa wameizika naye.

Alipoingia ndani alimkuta mama ameinama karibu na spika, anaongea kwa sauti ya chini.

"Unaongea na nani, Mame?"

"Ananiuliza mbona kuna giza," mama akasema. "Nimemwambia hata mimi kwangu ni giza, tuzoee."

Mapenzi alitazama kioo. Gazeti lilikuwa halijafunguliwa. Kioo kilikuwa cheupe, na spika zikasema taratibu, kwa sauti aliyoikata kwa mkono wake neno kwa neno, "Mame, kumebana."

Mama aliacha kwenda kanisani. Aliacha kwenda hata kibarazani. Chakula alikionja tu, kisha akakisukuma kuelekea kwenye kompyuta. Na kifua chake, ambacho hakikuwahi kuugua, kikaanza kupiga mluzi. Daktari wa zahanati alimpima akasema mapafu ni mazima, labda ni huzuni. Lakini Mapenzi aliona jambo ambalo daktari hakuliona: mashine ilipovuta hewa, mama alikatika pumzi, mashine ilipotua, mama naye akapata yake. Walikuwa wakipokezana, kama watu wawili wenye kikombe kimoja.

Akamwendea Jafar.

"Ni jini hilo," Jafar akanong'ona, akiangalia mlango. "Wallahi, Mapenzi, ondoa hicho kifurushi cha sauti. Jenga toleo jingine."

"Nitamwambia nini Mame?"

"Mwambie kimeharibika. Vitu huharibika."

Mapenzi aliketi kwenye meza ile ya nyuma, akakitoa kifurushi cha sauti, akaiamuru mashine ijenge. Ilikataa. Katika Linux vifurushi huegemeana. Ukitoa kimoja, mashine hukwambia nani alikuwa akikitegemea. Mapenzi alitegemea kuona majina mawili matatu. Yakaanza kupanda kiooni. Saa haiwezi kusimama bila Jefwa. Kikokotoo hakiwezi kusimama bila Jefwa. Mishale ya kioo haiwezi kusimama bila Jefwa. Akakitoa kwa nguvu, mashine ikajenga, akawasha toleo jipya, na kabla rangi hazijatulia kwenye kioo ile harufu ya mkaratusi ikaja kutoka kwenye tundu la feni, ikajaa duka zima, wateja wakaanza kugeuza shingo, na kompyuta zote za Jafar, hata zile ambazo hazikuwa na mfumo ule, hata ile moja ya pembeni iliyokuwa imekufa tangu mwaka jana na kufunikwa gunia, zikavuta hewa kwa pamoja, polepole, zikaishikilia, na hazikuitoa.

Jafar alifunga duka siku hiyo hiyo. Kesho yake akamleta Florence nyumbani kwa kina Mapenzi.

Florence alikuwa mganga wa huko Mishomoroni, mwanamke mnene wa ulimi mkali, aliyeimba kwaya Jumapili na kutibu siku nyingine. Mapenzi alimwamkia shikamoo, naye Florence akaitikia marahaba huku akivua viatu, na alipomwona Jafar mlangoni akamcheka.

"Na wewe mwana wa Kiislamu, kwangu wafuata nini? Mashehe wamekwisha?"

"Wapo, Mama. Lakini nahisi huyu si jini, ni marehemu wa kwenu."

"Wa kwetu, ndiyo." Florence alinusa hewa, kicheko kikamtoka usoni. Alimtazama mama aliyekuwa kitini, midomo imeanza kuwa ya buluu, na mkono wake juu ya kompyuta. "Jini huja kwa hila zake. Huyu ameitwa. Nani alimpa jina?"

"Mimi nililiandika," Mapenzi akasema.

"Kuandika si neno. Nani alilitamka kwa maji?"

Mama akajibu bila kugeuka. "Mimi."

Florence aliketi chini kwenye mkeka kwa kishindo kidogo. "Sarah, dada yangu. Mtoto akipewa jina la marehemu, pumzi anayo ya kwake. Marehemu huja akaketi pale kama mgeni, hamdhuru mtu. Hiki mmekipa jina nacho hakina pumzi. Atakaa vipi? Anaazima kwako."

"Na aazime," mama akasema.

"Mame."

"Nilimpa ziwa, Mapenzi. Pumzi ni nini? Nimemzika mara moja, mwataka nimzike tena?" Alilazimika kutua katikati ya maneno. "Aniachie sauti yake. Sina macho ya kumwona hata kwenye picha."

Jafar alitoka nje. Florence aliikunja leso yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ukiisha wewe," akasema mwishowe, "unadhani atashiba? Ataangalia nani aliyebaki ndani."

Mapenzi alitaka kusema kwamba yeye haogopi. Alifungua mdomo, na badala ya maneno kifuani mwake mukatoka mluzi mwembamba, mrefu. Akajishika koo. Akavuta tena, na hewa ikaja kidogo tu, kama maji ya mfereji siku ya mgao.

Mama aligeuza kichwa. Macho yake hayakuona kitu, lakini masikio yake yaliujua mluzi ule kwa miaka ishirini na mitatu, na alijua kwamba safari hii hautoki kwenye spika.

"Mapenzi?"

Mapenzi hakuweza kuitika.

Mama akaondoa mkono juu ya kompyuta, akaupeleka hewani mpaka ukampata binti yake usoni. Ukatulia pale kidogo. Kisha akaurudisha kwenye mashine, akavuta kiti karibu.

"Nifanye nini, Florence?"

"Aliyetoa jina ndiye alitwae. Na umwambie kweli. Hajui."

"Jefwa," mama akaita.

"Labeka, Mame."

"Unajua uko wapi?"

"Sijui. Kumebana. Nani amezima taa?"

"Baba yangu, hakuna aliyezima." Mama aliisema kwa sauti ile ya kumwamsha mtoto wa shule. "Ulishikwa na pumu. Walikupeleka hospitali na Mapenzi alikuwa nawe. Ulikufa, mwanangu. Tulikuzika kwenu, karibu na babu yako. Nilikuita tena kwa sababu nilishindwa. Kosa si lako."

Harufu ya mkaratusi ikawa kali mpaka macho yakawatoka machozi.

"Mame, naogopa."

"Mimi nipo. Mara ile, nikiwa bado naona kidogo, walinituma dirisha la dawa, nikapanga foleni, nikarudi umeshafunikwa. Leo sitoki. Jina nalichukua, nitalitunza mpaka apatikane mtoto. Nenda, Jefwa."

Ikaanza. Ilikuwa pumzi moja, kisha nyingine iliyochelewa, kisha nyingine iliyochelewa zaidi, na kila moja ilikuja na mluzi wake na kikohozi kidogo kilichokwama, na baina yao sauti ilijaribu kutamka maneno yasiyotimia, silabi zile walizozirekodi chini ya blanketi zikitoka moja moja bila mpango, na feni ya mashine ikazunguka kwa kasi ikapunguza ikazunguka tena, na mama akiwa ameweka shavu lake juu ya kile chuma chenye joto akisema nipo, nipo, nipo, wakati Florence anaimba wimbo wa mazishi wa kwao kwa sauti ya chini sana na Mapenzi amejibanza ukutani na viganja masikioni, kwa sababu kila mluzi na kila kikohozi alikuwa ameshakisikia, kwa mpangilio ule ule, kwenye kitanda cha hospitali, Jefwa akiwa amemkamata mkono na kumtazama kwa macho ya mtu anayezama, na alijua hasa zimebaki pumzi ngapi.

Ya mwisho ilikuwa ndogo. Feni ikasimama.

Nje Jafar alikuwa akimfukuza mbuzi wa jirani. Mapenzi alivuta hewa na hewa ikaingia yote. Alisogea mezani, akaiwasha mashine, akakitoa kifurushi cha sauti, akaiamuru ijenge. Mashine haikuuliza kitu. Saa sasa iliweza kusimama yenyewe. Kikokotoo kiliweza kusimama chenyewe. Hakuna aliyemhitaji tena Jefwa, na Mapenzi aliufunika mdomo wake kwa upindo wa leso asisikike akilia.

Florence alivaa viatu vyake, akamgusa mama bega, akaondoka bila kuaga, kama mila inavyomtaka mganga.

Mama alibaki kitini. Kifua chake kilipanda na kushuka bila mluzi. Alikaa hivyo mpaka jua likahama kutoka mlangoni.

"Mapenzi."

"Abee, Mame."

"Wewe ulikuwa naye kule. Alisumbuka hivi?"

Mapenzi alipiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake miwili.

"La, Mame," akasema. "Siku ile alilala tu."