Bibi wa Jumba la Blackmere

Mnyonya damu alikuwa akizungumza Kiswahili.

"Haloo, mama! Nakusikia. Nshakwambia nimo kwenye maonyesho. Biriani niwekee, na hilo paja usimpe Suhaib, nakuomba!"

Zipporah Mutheu aliinua kichwa. Ukumbi ule wa Wembley ulikuwa umefurika watu wenye majoho, pembe na mabawa ya plastiki, kila mmoja amevaa kama shujaa wake, lakini huyu alikuwa na sauti ya Unguja. Joho jeusi lilimfika kwenye visigino na kola yake ilisimama mpaka masikioni.

"Wewe Lodi Ashgrove," Zipporah akamwita, "hapa hatuuzi biriani."

Yule mtu akageuka, akatoa meno ya bandia mdomoni ili aweze kucheka vizuri.

"Alaa! Mswahili?"

"Mkenya."

"Basi nusu."

"Nusu yangu inakutosha. Unanunua kitabu ama unaziba njia tu?"

Kitabu chenyewe kilikuwa kimepangwa mezani: Jumba la Blackmere, katuni iliyotokana na tamthilia ya zamani ya televisheni, ile isiyo na rangi, ya jumba la ukungu na mishumaa na bwana mkubwa asiyekufa, huyo Lodi Ashgrove. Waingereza wazee bado waliililia. Kampuni iliyotaka ichorwe upya ilitafuta mchoraji kila mahali, ikaishia kwa binti wa Machakos anayekaa Tottenham, na jina lake likawekwa juu ya jalada. Alikuwa amevaa gauni la kitenge rangi ya chungwa na hereni kubwa za shaba, amekaa wima kama mwenye nyumba. Na kwa nini asikae hivyo?

Yule Lodi wa Unguja akafunua kurasa pole pole.

"Sisi nyumbani tuliitazama yote kwenye kanda, mpaka kanda zikakatika," alisema. "Lakini huyu wako ana huzuni. Yule wa televisheni alikuwa na njaa tu."

Zipporah alikuwa amesifiwa tangu asubuhi na hakuna sifa iliyomwingia. Hii ilimwingia. Akamuuliza jina, akaambiwa ni Muhsin, mkalimani wa mahakamani.

Urafiki ukaanza hapo, na mapenzi hayakuchelewa. Muhsin ndiye aliyesema kitabu kile kitafsiriwe kwa Kiswahili, Zipporah akaenda kupigana na wachapishaji mpaka wakakubali. Wakawa wanafanya kazi kwenye meza ya jikoni kwake Tottenham, yeye na kalamu zake, Muhsin na karatasi zake, na kila sentensi ilikuwa ugomvi.

"Maneno mengi. Kiputo changu cha usemi si gunia, Muhsin."

"Kipenzi, Kiswahili kinataka nafasi kipumue."

"Kipumue nje ya kiputo. Soma tena."

"'Ewe usiku, nifunike.' Umeridhika?"

"Nimeridhika. Sasa lete huo mkono, una wino."

Mkono ulishikwa, wino haukufutwa. Kwa mara ya kwanza tangu afike London, Zipporah alianza kufikiria nyumba yenye viatu viwili vya kiume mlangoni. Alijua Muhsin ni Mwislamu na yeye ni mtu wa kanisa, alijua mama yake angeuliza maswali. Lakini alimtaka, na alitaka awe wake peke yake.

Siku moja Muhsin akapiga simu, furaha imemjaa.

"Zipporah wangu, nna khabari. Bibi yangu anakuja kutoka Unguja! Nshamweleza kila kitu chako, kafurahi mpaka kalia. Anakuja kwa ajili yako, anataka akuone kwa macho yake."

Zipporah akasogeza simu karibu na sikio.

"Bibi yako?"

"Bibi yangu, ndiyo. Sikupata kukwambia?"

"Hukuniambia, Muhsin."

"Basi ndo nakwambia. Mtapendana, wallahi. Mtapika pamoja, atakufundisha mambo yangu yote ninayoyapenda."

Wewe msomaji wa Unguja unacheka. Usicheke. Kwao Machakos, bibi ya mtu ni mke wake, neno halina maana nyingine. Mama aliyemzaa mama yako au baba yako anaitwa nyanya. Kwa hiyo Zipporah alichosikia ni kwamba mwanamume aliyempa moyo wake ana mke Unguja, mke huyo ameshaambiwa, amefurahi, na sasa anapanda ndege kuja kumkagua mwenzake. Sauti yake haikutetereka.

"Sikiza. Mimi si mwanamke wa kuwekwa wa pili. Kurasa zilizobaki utanitumia kwa email. Usinipigie tena."

"Wa pili kwa bibi yangu? Zipporah, una akili kweli? Mtu mzima yule!"

"Hata akiwa mtoto!" Akakata simu, akalia mpaka wanja ukamchafulia shavu.

Muhsin naye akakasirika. Alimwona mwanamke mwenye wivu mpaka kwa kizee wa watu, na mtu aliyemdharau mzee wake hakutaka kumbembeleza. Wote wawili walikuwa na kiburi cha kutosha mtaa mzima. Wiki zikapita hivyo.

Kurasa za mwisho zikaja bila salamu. Zipporah akazifungua asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa sura ya kaburini. Mama mzaa baba wa Lodi Ashgrove anatoka kaburini, mgongo umepinda, hana jino hata moja. Zipporah alimchora ajuza yule kwa mapenzi sana. Kwenye kiputo cha Lodi, Muhsin alikuwa ameandika: "Bibi yangu! Umefufuka!"

Ikampanda hasira ya kikazi, mbaya kuliko ile ya mapenzi. Akapiga simu.

"Muhsin, umeharibu ukurasa wangu. Huyu si bibi yake. Ni nyanya yake!"

"Nyanya? Nyanya ya mchuzi?"

"Usinichekeshe. Mama ya babake! Utamwozaje Lodi huyu ajuza?"

"Nani kamwoza? Mama wa baba ndiye bibi. Mama wa mama pia ni bibi. Kwenu bibi ni nani?"

Zipporah akautazama ukurasa tena. Akaweka kikombe chini.

"Kwetu bibi ni mke," alisema taratibu.

 Ikasikika simuni sauti ya mtu aliyepigwa na kitu kichwani.

"Lahaula! Zipporah. Ulidhani nna mke?"

"Ulisema atanifundisha mambo yako yote!"

"Ya kupika! Urojo! Ana miaka themanini!"

Zipporah alicheka huku analia, na aliona aibu, na aliona raha. "Yuko wapi sasa?"

"Yuko hapa Wembley kwa mama, kanuna. Alikuja kukuposa. Nikamwambia hutaki hata kumwona."

"Mwambie asivue kanga yake ya wageni. Nakuja."

Alivaa gauni jekundu la mikono mirefu, akafunga kilemba cheusi, akapanda treni ya Victoria kisha ya Jubilee, na njia nzima alikuwa akisogeza midomo kama mtu anayesoma mtihani. Mlango ulifunguliwa na Muhsin, ndevu zimemkaa ovyo kwa kukosa usingizi. Hawakugusana. Ndani, bibi mwenyewe, Bi Ummukulthum, alikaa kwenye kochi, kanga juu ya sweta, soksi nzito miguuni.

"Shikamoo, Bibi," Zipporah akasema, na neno likamtoka salama.

"Marahaba. Ndiye wewe usiyetaka kuwa wa pili?"

"Ndiye mimi."

"Kaa karibu." Mzee akamtazama sana. "Mimi nilikuwa wa pili, ujanani. Nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe, na mtoto mgongoni. Muhsin aliponieleza uliyosema, kununa kulinitoka. Mwanamke anayejua anachokikataa ndiye ninayemtaka nyumbani kwangu. Haya. Mjukuu wangu anataka kukuoa. Unamtaka?"

"Namtaka. Lakini kanisani nitaenda."

"Nani kakuzuia?"

"Na jina langu la kitabuni sibadilishi. Zipporah Mutheu, mpaka nife."

Bi Ummukulthum akaonyesha kushangaa kweli. "Kwani nani hubadilisha? Mimi nimeolewa mara mbili na mpaka leo ni binti Khamis. Jina kakupa baba yako, mume atalichukua kwa sababu gani?"

 Zipporah akageuka, akamwona Muhsin amesimama mlangoni anajifuta macho kwa kiganja, na hapo hapo, mbele ya mzee, akatoa simu akampigia mama yake Machakos.

"Mama? Uko na baba? Niweke kwa spika. Wageni wa posa wamekuja... Hapana, msitoke nje kuangalia. Wamefikia kwangu kwanza, na mimi nimewakubali."