Bomba Kavu na Picha ya Msibani

Alfajiri hiyo, kama kila siku kabla ya kwenda shule, Brenda alibeba dumu lake la njano hadi kwenye bomba la Mtaa wa Mwangaza, pale Tunduma. Alijua fika kwamba maji hayatoki. Hata hivyo alifungua koki, akaisikiliza ikikohoa upepo, akaifunga. Kisha alitoa simu mfukoni, akalipiga picha lile bomba na kuandika chini yake: "Siku ya thelathini na nane. Hakuna maji." Akaituma kwenye kundi la wasapu la mtaa, ndipo akateremka bondeni kuchota maji ya kisima pamoja na wanawake wengine.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Brenda alikuwa na miaka kumi na mitatu, akiishi na bibi yake, Bibi Ferista, na kaka yake Clement, dereva wa bodaboda. Simu ilikuwa ya Clement. Alikuwa nazo mbili; moja ya abiria, na hii nyingine ya kampeni ya Shangazi Yunisi.

Shangazi Yunisi, binti wa Bibi Ferista, alikuwa akiuza dagaa sokoni. Mwaka huo aliamua kugombea uenyekiti wa mtaa, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Chama chake kilikuwa kidogo. Hakuwa na gari la vipaza sauti wala fulana za kugawa. Mpinzani wake, Mzee Timotheo, alikuwa amekalia kiti hicho miaka kumi na mitano.

"Yunisi, mawakala wako ni nani? Hao dagaa?" mwuza nyanya mmoja alimtania.

"Ndiyo," Shangazi alijibu. "Ni wengi, na hawalali vikaoni."

Clement na wenzake watatu ndio walioanzisha lile kundi, wakaliita Bomba Letu. Kila siku walituma picha ya bomba. Waliwakumbusha watu kwenda kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura la mtaa, maana wengi hawakujua kwamba asiyejiandikisha hatapiga kura. Walieleza kituo kiko wapi na kinafungwa saa ngapi. Shangazi aliwapa sharti moja tu.

"Picha ya bomba inatosha," alisema. "Msiongeze chumvi. Dagaa wangu wana chumvi ya kutosha."

Mwanzoni watu waliitikia kwa wingi. Lakini siku zilivyosonga, picha ya koki kavu ilizoeleka. Ile ya siku ya thelathini na nane ilijibiwa na watu sita tu, na mmoja wao alikuwa Clement mwenyewe. Brenda alianza kuingiwa na hofu. Ilibaki siku chache uandikishaji ufungwe. Kama watu wamechoka hata kutazama, nani atajiandikisha? Na Shangazi akishindwa, yeye Brenda atashuka bondeni na dumu hadi lini?

Jumamosi ile kulikuwa na msiba Nakonde, ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia. Kwa watu wa Tunduma, kwenda kuzika Nakonde ni kama kuvuka barabara kwenda kwa jirani. Hapana ukoo usio na mguu mmoja upande ule. Marehemu alikuwa mjomba wa Mzee Timotheo, naye Bibi Ferista alimjua tangu utoto. Bibi alijifunga kitenge, akachukua beseni la unga, akamwambia Brenda amsindikize.

Huko Brenda alimwona Mzee Timotheo ameketi katikati ya wafiwa, kitambaa begani, akipokea pole kama mwenye nyumba. Watu walipiga magoti mbele yake, wakapiga makofi taratibu kwa heshima, kama ilivyo desturi. Brenda alichomoa simu chini ya kanga, akapiga picha moja. Hata yeye hakujua kwa nini alifanya hivyo.

Jumatatu alfajiri ndipo alipojua. Bomba lilikohoa upepo kama kawaida. Alipiga picha, akaandika "Siku ya arobaini na moja," kisha akasita. Akaitafuta ile picha ya msibani. Vidole vyake viliandika upesi kuliko akili: "Tazameni mwenyekiti wetu akiwa kwao Zambia. Mgeni ataongozaje mtaa wetu?" Akatuma.

Kabla hajafika kisimani simu ilikuwa ikitetemeka mfululizo. Watu ishirini. Watu hamsini. "Kumbe!" "Ndiyo maana maji yetu hayatoki!" "Arudi kwao!" Kufika saa moja picha ilikuwa imeingia kwenye makundi ya soko, ya kwaya na ya bodaboda. Clement alipoiona alipiga mluzi.

"Ni wewe?" alimuuliza Brenda. "Duh! Shangazi hapendi mambo haya. Lakini watu wameamka, ona. Kaa kimya. Tusiseme kitu."

Brenda alicheka, lakini kicheko hakikumkaa vizuri mdomoni.

Darasani alikaa dawati moja na Rozi, mjukuu wa Mzee Timotheo. Wakati wa mapumziko wavulana walimzunguka Rozi.

"We Rozi, pasipoti yako iko wapi?"

"Leo maandazi unanunua kwa kwacha za Zambia?"

"Mwambie babu yako avuke, geti liko wazi!"

Rozi alijitahidi kucheka nao, lakini alishindwa. Alirudi darasani, akalala juu ya dawati, kichwa kwenye mikono. Brenda alimsogezea nusu ya andazi lake. Rozi hakuinua uso.

"Alikuwa anamzika mjomba wake," alisema kwa sauti hafifu. "Mtu aliyetupiga picha tukiwa tunalia, ana moyo wa namna gani?"

Brenda alilitazama lile andazi. Akalirudisha mfukoni.

Jioni alimkuta Bibi Ferista ameketi jikoni bila kuwasha moto. Bibi hakuwa na kawaida hiyo. Kilemba chake kizuri cha kwendea kanisani kilikuwa bado kichwani.

"Bibi, ulikwenda wapi?"

"Kujiandikisha, nimpigie mwanangu kura," Bibi alijibu. "Nimesimama kwenye mstari tangu asubuhi. Nilipokaribia meza, kijana mmoja nyuma yangu akapaza sauti: 'Huyu bibi naye ni wa ng'ambo! Nilimwona kwenye msiba wa kina Timotheo.' Watu wakageuka wote. Mwandikishaji akaniomba nikae pembeni kwanza, aulizie. Mimi nikaona aibu, nikaondoka."

"Lakini wewe ni wa hapa, Bibi!"

"Nilizaliwa upande ule, mjukuu wangu. Niliolewa hapa nikiwa msichana. Nina miaka hamsini kwenye mtaa huu. Sikuwahi kuulizwa mimi ni wa wapi, mpaka leo."

Mshale ambao Brenda aliutupa kwa Mzee Timotheo ulikuwa umepita, ukamchoma bibi yake. Na sasa alikuwa katika njia panda. Akikiri, watu watasema kampeni ya Shangazi ni ya uongo, na Shangazi atashindwa. Akinyamaza, Bibi atabaki na aibu yake jikoni, na Rozi na machozi yake.

Usiku hakupata usingizi mzuri. Kesho yake, baada ya masomo, alikwenda moja kwa moja sokoni. Shangazi Yunisi alikuwa akimpimia mteja dagaa kwa kopo. Brenda alingoja mteja aondoke, kisha akasema yote bila kupumua. Hakumtaja Clement.

Shangazi hakupiga kelele. Aliendelea kusawazisha dagaa juu ya turubai, kiganja kikienda na kurudi.

"Nilidhani ni mahasimu wa Timotheo ndani ya chama chake," alisema hatimaye. "Kumbe ni nyumbani kwangu. Brenda, mama yangu mimi alizaliwa wapi?"

"Nakonde."

"Kwa hiyo na mimi ni mgeni?"

"Hapana, Shangazi. Nilitaka ushinde tu."

"Nishinde kwa msiba wa mtu?" Shangazi alifunika dagaa, akajifuta mikono. "Chukua lile beseni. Tunakwenda kutoa pole, na wewe unakwenda kusema."

Kwa Mzee Timotheo matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa. Wanaume walikuwa uani, na walipomwona Yunisi mazungumzo yalikatika. Shangazi aliweka beseni la dagaa chini, akapiga goti. Brenda naye akapiga magoti kando yake, akapiga makofi taratibu kama alivyoona Nakonde.

"Shikamoo, Mzee," walisema pamoja.

"Marahaba. Mmekuja kupiga picha nyingine?"

Uso wa Brenda uliwaka moto. "Mzee, ni mimi niliyepiga ile. Niliandika maneno yale mwenyewe. Shangazi hakujua. Naomba unisamehe."

Mlangoni Rozi alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Shamba la babu yangu lilikuwa moja," Mzee alisema polepole. "Siku mpaka ulipochorwa, mahindi yakabaki huku, mihogo ikabaki kule. Hakuna aliyemuuliza babu. Mimi nilizaliwa upande wa mahindi, mama yangu upande wa mihogo. Kuhusu bomba, nipigeni. Bomba limenishinda, sikatai. Lakini msinipige kwa mama yangu."

"Hatutakupiga kwa mama yako," Shangazi alisema. "Kwa bomba tutaendelea."

Mzee mmoja uani akacheka kidogo kabla ya kujizuia.

Jioni hiyo Clement aliandika orodha ya makundi yote ambamo picha ilikuwa imeingia. Yalikuwa kumi na manne. Alijiinamia huku akiandika.

"Na mimi nilimwambia anyamaze, Shangazi," alisema. "Kosa si lake peke yake."

"Basi utakaa naye mpaka kundi la mwisho," Shangazi alijibu. "Maneno yametoka kwenye kidole chako, Brenda. Yarudi kwa mdomo wako."

Brenda alirekodi ujumbe wa sauti. Alisema jina lake, akasema kwamba Mzee Timotheo ni raia na alikuwa akimzika mjomba wake, na kwamba maneno ya chini ya picha yalikuwa uongo alioutunga yeye. Bibi Ferista akaongeza maneno kwa Kinamwanga, lugha ya pande zote mbili za mpaka, ili wazee nao wasikie. Walituma kundi kwa kundi, wakimwomba kila aliyesambaza picha asambaze na sauti hiyo.

Majibu yalikuwa machungu. "Mmejichimbia kaburi." "Watoto ndio wanaoongoza kampeni?" Watu thelathini na wawili walijitoa kwenye kundi la Bomba Letu usiku uleule. Brenda aliwahesabu mmoja mmoja akilia. Shangazi aliyaona machozi, akaendelea kusonga ugali.

Siku ya mwisho ya uandikishaji, Jumamosi, Bibi Ferista alikataa kutoka. Saa nne mtu alibisha hodi. Alikuwa Mzee Timotheo, na nyuma yake Rozi.

"Shikamoo, Mama," Mzee alisema. "Nasikia waliokutoa kwenye mstari walitumia jina langu. Mwenyekiti nikiwa bado mimi, twende nikawaambie wewe ni nani."

"Unajua kura yangu haiji kwako," Bibi alisema.

"Najua."

"Haiji hata kidogo, mwanangu."

"Mama, nimeshasikia! Vaa viatu."

Waliongozana hadi kituoni, hasimu na mama wa mgombea, na watu waliokuwa kwenye mstari wakawapisha. Nyuma yao Rozi na Brenda walitembea bila kusemezana. Walipokaribia meza, Rozi alisema, "Bado nimekasirika." Brenda akajibu, "Najua." Kisha Rozi akamshika mkono.

Bibi aliandikishwa, na baada ya hapo picha za bomba ziliendelea, siku ya hamsini, siku ya sitini. Waliojitoa walirudi kidogokidogo. Mama mmoja aliandika, "Hawa wakikosea wanasema wamekosea. Basi na habari ya bomba ni kweli." Vijana wanaofanya kazi mji wa Vwawa walianza kuwapigia simu mama zao: "Ulijiandikisha? Basi siku ya kura usiende shamba." Kundi halikuwa na fulana wala magari, lakini kila nyumba ilikuwa na mtu wa kukumbusha mwenzake.

Siku ya kura Brenda hakuruhusiwa kukaribia kituo. Alikaa nyumbani akipepeta mchele uleule mara tatu. Jioni Clement aliingia na bodaboda hadi uani, hawezi kusema, akionyesha vidole tu. Shangazi Yunisi alikuwa ameshinda kwa kura kumi na moja.

"Kumi na moja!" Bibi alishika kifua. "Na moja ni yangu."

Ilichukua miezi miwili ya kwenda na kurudi kwenye ofisi ya maji kabla bomba la Mwangaza halijatoa sauti nyingine. Asubuhi hiyo wanawake walijaa pale na madumu. Koki ilikohoa, ikatema kutu, kisha ukatoka uzi mwembamba wa maji ya rangi ya chai. Watu wakapiga vigelegele.

Clement alimpa Brenda simu. "Andika 'Maji yametoka, shida imekwisha!' Ngoja nikutafutie picha yenye maji meupe."

Brenda aliinua simu, akayapiga picha yale maji kama yalivyo. Kisha akaandika: "Siku ya kwanza. Yanatoka, lakini bado machafu." Akamwonyesha Shangazi kabla ya kutuma.

Mwuza nyanya alichungulia. "Mbona mnajichongea wenyewe, mwenyekiti?"

Shangazi Yunisi aliinama, akaweka dumu lake chini ya ule uzi wa maji, akamgeukia Brenda.

"Mtu aliyekuchagua kwa uongo atakudai uongo kila siku, na utachoka kumtungia," alisema. "Aliyekuchagua kwa ajili ya bomba atakudai maji. Huyo ndiye ninayemtaka. Tuma, mwanangu."

Brenda akatuma. Halafu akashika dumu lake, akaenda kupanga mstari nyuma ya Rozi.