Soksi Chini ya Meza

"Mama, mimi nasema dripu isubiri. Kwanza harusi."

Kinyozi aliyasema hayo mezani kwa mama mkwe wake mtarajiwa, akipuliza chai, utadhani daktari bingwa. Kumbe bingwa wa kuchonga denge!

Mbele yake alikaa mchumba wake, Fundi, mshona nguo. Mwaka mzima kinga ya mwili wake ilikuwa imeacha kupigana na magonjwa, inapigana na mishipa yake ya fahamu. Ganzi ilianzia vidole vya miguu ikapanda hadi vifundoni. Akiendesha cherehani lazima aangalie chini, la sivyo hajui kama mguu uko kwenye pedeli au umeenda matembezini. Ubavuni mwake alikaa shoga yake wa kufa na kuzikana, Msusi.

"Daktari amesema nikichelewa naweza nisitembee tena," Fundi akasema.

"Wakutundikie kingamwili za damu ya watu usiowajua? Ukiamka unaongea kama baba mwenye nyumba, nifanyeje?"

Msusi akacheka hadi chai ikampalia.

"Ila baba, miguu yake..." Mama akaanza.

"Miguu haina neno, mama! Juzi nimemkanyaga, hata hakupepesa. Nani mwingine ana mke asiyelalamika?"

Fundi akainamisha uso. Alikuwa na siri tamu. Dripu ya kwanza alishatundikiwa, siku aliyoaga anaenda kununua vitambaa. Na wiki hii vidole vilianza kumwasha, ganzi ikiachia. Alikuja amwambie mpenzi wake leo leo, ila mwanaume akishika maneno haachii.

Ndipo kitu kikamgusa kidole gumba cha mguu. Laini. Soksi. Kikapanda, kikashuka, kikamkuna wayo kwa mahaba.

Moyo ukamruka. Kumbe ananibembeleza! Akainua macho amtabasamie.

Kinyozi alikuwa anamkonyeza Msusi.

Msusi naye akamtolea macho, hajui anakonyezewa nini.

"Shoga," Fundi akauliza taratibu, "miguu yako iko wapi?"

"Nimeikunja hapa kitini. Kwani?"

"Kuna mtu anakutafuta huku chini."

Soksi ikaganda pale pale.

"We... unasikia?" Kinyozi akaropoka.

Mama akaweka kikombe chini.

"Asikie nini, baba?"

"Ni... nilidhani mguu wa meza, mama."

"Kwenu meza mnazikuna nyayo?"

Msusi akawa anahesabu maua ya kitambaa cha meza. Fundi akainua kisigino, akakishusha juu ya ile soksi kwa nguvu zote alizokuwa akizimalizia kwenye cherehani. Kinyozi akapiga yowe, chai ikamwagika mapajani.

"Hongera," Fundi akasema. "Wewe mishipa yako ni mizima."

Wiki iliyofuata alikuwa amelala kitandani hospitali, dripu ya pili ikidondoka tone tone. Vidole vilimchoma kama vimejaa pini. Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Msusi.

"Shoga nisamehe. Aliniambia hata tukifanya mbele yako hutajua, miguu yako imeshakufa."

Mbele yangu. Akausoma tena, akajifuta macho na shuka, akaandika:

"Mwambie imefufuka. Na lile gauni la harusi njoo ulichukue. Nilipolishona nilikuwa sisikii kitu, linakufaa wewe."

Muuguzi akasogea kukagua sindano.

"Inauma, dada? Nipunguze kasi?"

"Inauma sana," Fundi akasema. "Usipunguze."