Kitanda Kisicho na Mstari Mwekundu

Idrisa alimwona Amne mara ya kwanza kwenye banda la kuchapisha kadi za harusi, karibu na Soko Kuu la Tabora. Spika ya muuza dawa ya panya ilikuwa ikibwata mlangoni. Idrisa alishika flashi mkononi, nywele zimejaa vumbi la mninga, na alitaka afunguliwe mchoro wa mlango. Binti aliyekaa kwenye kompyuta, kavaa dera la kijani na mtandio umemteleza hadi mabegani, aliutazama ule mchoro akacheka.

"Kaka, huu mlango au sahani ya tambi?"

Kweli, mistari yote ilikuwa myeusi. Idrisa alikuwa fundi wa mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kufuata kompyuta, lakini kwenye kuchora alikuwa anabahatisha. Amne alimuuliza kila mstari unafanya kazi gani, kisha akaigawa mistari kwa rangi. Ya maua ya juu juu akaipa bluu. Ya kuchimba ndani, kijani. Ya kukata kipande kitoke kabisa kwenye ubao, nyekundu. Kila rangi aliiita leya, akasema ni kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: ukikiondoa kimoja, vingine unabaki unaviona.

"Nyekundu iende mwisho," Idrisa alimwambia. "Ikishapita hiyo, kitu kimeachana na ubao wake. Hakirudi."

"Kumbe unajua kuongea," Amne akasema, na Idrisa akayarudia maneno hayo kichwani mpaka anafika nyumbani.

Haikuchukua muda bosi wake, Xavery, mtu wa Urambo, akamwajiri Amne awe anachora. Amne alichorea ofisini mbele, Idrisa alichonga kiwandani nyuma, na mapenzi yao yalipita katikati bila Xavery kunusa. Wakipigiana simu walitaniana kwa lugha ya kazi. Amne akinuna, Idrisa alimuuliza leo yuko leya gani. Akijibiwa bluu, ni hasira ya juu juu, itafutika.

Shida ya Idrisa ilikuwa moja. Hakutuma posa. Alitaka kwanza apaue nyumba yake ya Isevya, na alipopaua akataka sakafu, na baada ya sakafu akataka milango. Wazazi wake walishafariki, na aliona aibu kwenda mikono mitupu kwa Mzee Mabruki, baba yake Amne. Amne alisubiri. Kisha jioni moja akapiga simu, sauti imekauka, akasema kuna watu wamekuja nyumbani kutoka Nzega kumposa, kijana wao anaitwa Selemani, ana mashine za kusaga.

Idrisa angeweza kusema neno lolote la kumzuia. Akasema, "Hongera. Huyo anafaa kuliko mimi."

Amne alikata simu. Kesho yake hakuja kazini.

Wiki haikuisha, posa ikawa imekubaliwa, na oda ya kitanda cha harusi ikaingia kutoka Nzega. Xavery hakujua lolote la mapenzi yao, akamtumia Amne kazi aichoree nyumbani, maana bibi harusi ndiye mwenyewe na atachora anachokipenda. Mchoro ulipokuja, akampa Idrisa.

Idrisa aliufungua kwenye kompyuta. Ubao wa kichwani ulikuwa na maua ambayo hajapata kuyaona. Leya ya bluu, safi. Ya kijani, safi. Akafungua nyekundu. Tupu, hata nukta hamna.

Akadhani Amne kasahau kwa furaha ya harusi. Alipiga simu mara moja tu, haikupokelewa, naye akapumua, maana angesema nini? Basi akaichora nyekundu mwenyewe. Akakata, akapiga msasa mpaka ubao ukateleza kama kioo. Kama ni kumpoteza, alijiambia, asimpoteze kwa kazi mbovu.

Siku kitanda kilipokamilika, Amne alikuja kiwandani mchana kukiona, mtandio mweupe, macho yamevimba. Alikikuta kitanda kimesimama katikati ya vumbi. Akakizunguka taratibu, akapitisha kidole ukingoni.

"Nani kachora nyekundu?"

"Mimi. Ulisahau."

"Nimewahi kusahau nyekundu, Idrisa?"

Mashine ilikuwa imezimwa, hapakuwa na kelele ya kujifichia.

"Niliacha wazi makusudi," Amne akasema. "Bila hiyo kitanda hakitoki. Nilijua wewe tu ndiye utakayeona. Nilijua utaniuliza."

"Nilipiga simu."

"Mara moja. Simu alikuwa nayo shangazi. Niliporudishiwa nililala nayo kifuani, hukupiga tena. Ukakaa ukanikatia kitanda cha mwanaume mwingine, na ukakipiga msasa."

"Ungeniambia kwa mdomo, mpenzi."

"Nilikwambia. Ukanipa hongera."

Idrisa alivua aproni, akaitupa juu ya mashine. Amne akamuuliza anaenda wapi. Kwa baba yako, akasema. Na vumbi hilo? Na vumbi hilihili.

Mzee Mabruki alikuwa barazani kwake Gongoni, kanzu na kibaraghashia, anapima asali iliyotoka Ipole. Aliitikia shikamoo, akasikiliza mpaka mwisho bila kuweka kopo chini.

"Kitanda cha Nzega kachonga nani?" akauliza.

"Mimi, mzee."

"Basi asubuhi unamchongea binti yangu kitanda aende kwa mwingine, mchana unakuja kumtaka. Nimwamini yupi, wa asubuhi au wa mchana?"

"Wa asubuhi alikuwa mwoga, mzee. Huyu wa mchana naye anaogopa. Ila amekuja."

Mzee akasema amechelewa. Binti aliulizwa na shangazi yake, akanyamaza, na katika nyumba hii mwari akinyamaza amekubali. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake na kwa bibi yake.

"Baba." Amne alikuwa amesimama nyuma yao, anahema. "Sikunyamaza kwa kukubali. Nilikuwa nalia, sauti ikagoma."

Mzee Mabruki aliweka kopo chini. Akamgeukia binti yake, akamuuliza upya, jina kwa jina, kama anayeuliza mbele ya sheikh.

"Amne binti Mabruki, unamridhia Selemani wa Nzega?"

"Simridhii, baba."

Mzee hakumtazama Idrisa. Alitoa simu kwenye mfuko wa kanzu, akamwambia kijana akae chini pale jamvini. "Nampigia baba yake Selemani. Naweka spika, na wewe utasikia kila neno."

Idrisa alikaa. Akasikia mzee wa watu akitukanwa: kigeugeu, mshenzi, asiyejua kulea. Mzee Mabruki alijibu "nisamehe, ndugu yangu" kila palipopatikana nafasi, jasho likimshuka chini ya kibaraghashia. Amne alijifunika uso kwa mtandio. Idrisa alitamani simu ikatike, haikukatika.

Ilipokwisha, mzee aliifuta ile simu kwenye kanzu, ikambidi ajaribu mara mbili kuirudisha mfukoni.

"Umesikia bei yako," akasema. "Sasa nenda kanawe. Kesho lete mshenga."