Mama Aliyeogopa Kupanga Mwaka

Kila asubuhi Mahbuba aliwapa watoto wake chai ya maziwa na mkate. Kisha aliifuta meza na kuwaambia wakae wasome. Waliishi Hamriya, mjini Maskati, kwenye ghorofa juu ya duka la vitambaa. Saa hizo mumewe Marhoon, karani wa serikali, alikuwa ameshakwenda kazini.

Watoto walikuwa watatu. Hadeel alikuwa na miaka kumi na mitatu, Nasr tisa, na Fajr, msichana wa mwisho, sita. Zamani walikuwa wanne. Khalil, aliyemfuata Hadeel, alifariki msimu wa baridi uliopita. Alikuwa na selimundu. Huu ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao. Chembe za damu hubadilika umbo na kuziba mishipa, na maumivu yake ni makali. Khalil alishikwa na homa, wazazi wakadhani ni mafua. Walipomfikisha hospitali, hakuweza tena kuzungumza.

Nasr naye alikuwa na ugonjwa huohuo.

Baada ya hitima, Mahbuba aliwatoa watoto wote skuli. "N'tawasomesha mwenyewe," alimwambia mumewe. "Hapa nnawaona." Marhoon hakuwa na nguvu ya kubisha.

Basi wakasoma nyumbani, lakini walisoma vibaya. Mahbuba aliwaweka wote mbele ya kitabu kimoja cha Kiarabu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kitabu kilimshinda Fajr, na Hadeel alikuwa ameshakipita. Fajr alichorachora meza. Mara nyingi mama alimwachia Hadeel wadogo zake, akaenda chumbani kulia. Nasr akichoka hakusema. Alijikunja tu na kushika goti.

Ikafika Agosti, mwaka 1998. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Marhoon alisema, "Mwezi ujao skuli zinafunguliwa. Kama una mpango wa mwaka, endelea. Kama huna, watoto wanarudi. Tumeshampoteza mmoja, Mahbuba. Hawa wengine tusiwapoteze kwa ujinga."

Mahbuba aliinuka akaacha wali wake kwenye sahani.

Jioni yake jirani yao Truphena alikuja kumchukua binti yake, Carol, aliyekuwa akicheza na Fajr. Truphena alikuwa Mkenya, mwalimu wa watoto. Alimkuta Mahbuba jikoni, macho yamevimba.

"Mama Hadeel, kuna nini?"

"Baba yao ataka nipange mwaka," Mahbuba alijibu. "Mwaka jana nlipanga, Mama Carol. Nlimnunulia Khalil madaftari ya mwaka mzima. Mengi hata hakuyafungua. Sasa nikikaa kumpangia Nasr Januari, nnajiuliza: atakuwepo?"

 Truphena alisema, "Siwezi kukuambia atakuwepo. Hiyo Mungu ndiye anajua. Lakini leo yuko, na leo hajasoma."

Mahbuba alimtazama kwa hasira. Baadaye hasira ikaisha, akavuta kiti.

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza wacha tujue kila mtoto amefika wapi. Usiangalie umri. Waite wasome, mmoja mmoja."

Hadeel alisoma haraka, kama anayetaka kuondoka. Fajr alisoma herufi kwa herufi. Nasr alisoma ukurasa mzima bila kosa, na Mahbuba akatabasamu.

Truphena hakutabasamu. "Mimi Kiarabu sikijui," alisema, "lakini macho yake hayakuwa kwenye maneno." Alifungua ukurasa mwingine, akaifunika picha kwa kiganja. "Na hapa, Nasr?"

Nasr aliutazama mkono uliofunika picha.

"Sijui," alisema mwishowe. "Khalil alikuwa akinisomea. Mie nkishika kwa moyo."

"Mwanangu! Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa ukilia."

Mahbuba alimkumbatia.

Kesho yake Truphena alirudi. "Kwetu Kakamega nilifundisha madarasa matatu katika chumba kimoja," alisema. "Kusoma na hesabu, kila mtoto aanze pale alipofika. Ukikaa na Nasr, Hadeel afanye kazi yake peke yake, na Fajr aandike herufi. Kisha mnabadilishana. Hadeel usimfanye mwalimu wa wenzake kila siku. Yeye pia ni mtoto, na ana haki ya kusoma."

"Na masomo mengine?"

"Hayo wasome pamoja. Chukua jambo moja, tuseme maji. Fajr achore vitu vinavyohitaji maji. Nasr apime maji kwa vikombe na aandike maneno machache. Hadeel asome habari za falaji, ile mifereji ya kale, awaeleze wenzake maji yanafikaje mashambani. Jambo ni moja, lakini kila mtu na kazi yake."

"Na Nasr akiumwa?"

"Usiujaze mwaka wote. Kila wiki acha siku tupu. Miezi ya baridi weka kazi kidogo, maana baridi humletea maumivu. Siku ya maumivu, msomee hadithi. Kusikiliza pia ni kusoma. Masomo yawe mafupi, chupa ya maji iwe karibu naye, na asikae mbele ya kiyoyozi. Na homa ikija..."

"Homa nnaijua," Mahbuba alimkatiza. "Ni hatari. Hatungoji tena."

Waliandika mpango pamoja. Walipofika kwenye mwezi wa Januari, Mahbuba aliweka kalamu chini na kwenda kuosha uso. Alirudi akaandika.

Septemba wakaanza. Nasr alianza na herufi, kitabu kimoja na Fajr, na siku za mwanzo alilia kwa aibu. Hadeel alipata kazi ya kiwango chake, akaanza tena kuuliza maswali.

Januari, Nasr alipata homa. Hawakungoja kuona kama ni mafua. Marhoon alimbeba mpaka garini, wakaenda hospitali moja kwa moja. Alilazwa siku nyingi. Usiku mmoja alipiga kelele za maumivu mpaka sauti ikamkauka. Alipotulia, mama yake alimsomea hadithi. Nyumbani Hadeel aliendelea na kazi zake, maana alijua cha kufanya, na Truphena alimwangalia Fajr.

Nasr alirudi nyumbani amekonda. Mahbuba alifungua kitabu pale walipoachia. Hapakuwa na haja ya kuharakisha, maana miezi ya baridi waliiwekea kazi kidogo.

Kufikia mwezi wa Mei, Nasr alisoma polepole, kidole chini ya neno, lakini macho yake yalikuwa kwenye neno. Hadeel alifanya mtihani wa kurudi skuli akafaulu, na Fajr pia alipata nafasi. Nasr angebaki na mama yake mwaka mmoja zaidi, na safari hii mpango ulikuwa tayari kabla Marhoon hajauliza.

Kabla ya Septemba Mahbuba alimpeleka Nasr kwa fundi cherehani kushonewa kanzu. Fundi alimpima mabega na urefu.

"Nikate sawasawa na kimo chake," aliuliza, "au niache pindo, akirefuka lishushwe?"

Mahbuba alimtazama mwanawe. Miguu yake ilikuwa myembamba, na macho yake yalikuwa na manjano, kama ya Khalil.

"Acha pindo," alisema. "Liwe pana."