Safari ya Mke Mmoja

Mama Eyotaru, mwenye nyumba, aliwahesabu wageni wake mara mbili walipokuwa wakishuka kwenye gari, kisha akasema bei imepanda.

"Tulikubaliana watu wazima wawili na watoto watatu," Fadhul alisema. "Nilikueleza kwenye simu."

"Ndiyo. Sasa iko watu wazima watatu. Mwanamume iko moja, mwanamke iko mbili. Mimi naona kwa macho yangu."

Fadhul aligeuka kutazama. Nyuma yake alisimama Medina, mke wake mkubwa, na sufuria mkononi. Watoto walikuwa wanagombania begi. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mama, huyu ni mmoja. Mwingine nimemwacha Koboko."

Mama Eyotaru alipangusa macho kwa upindo wa kitenge. "Basi jua imenipiga," alisema, akatoa ufunguo. Lakini alipompita Medina mlangoni alisema, "Karibuni, mama zangu," kama anayesalimu wawili.

Fadhul aliuza vipuri vya pikipiki sokoni Koboko, na hakuna shilingi iliyotoka mkononi mwake bila kuulizwa inakokwenda. Watoto walipoanza kumsumbua juu ya bustani ya michezo iliyofunguliwa nje ya Arua, upande wa Aroi, yenye gurudumu la kupandisha watu hewani na treni ya watoto, hakusema hapana. Alipanga. Hoteli za mjini aliziacha, akatafuta nyumba ya siku tatu huko Awindiri, yenye jiko, wajipikie wenyewe. Alichagua Jumanne hadi Alhamisi, siku ambazo tiketi ya familia ina punguzo. Gari la kampuni ya kukodisha alilikataa pia. Alikodi gari dogo la mwalimu jirani, ambalo shule zikifungwa hukaa bure uani na kuku wanalala juu yake.

Gari lilikuwa na viti vitano. Watoto walikuwa watatu: Sumayah na Nasiri wa Medina, na Shamim wa mke mdogo, Zuhurah. Tiketi ya familia ilichukua watu wazima wawili. Kwa vyovyote alivyopanga, palibaki nafasi ya mke mmoja.

"Tutapiga kura," alisema. "Ndiyo sunna. Mume akisafiri na mke mmoja hachagui kwa moyo wake."

Medina alikuwa amefika sekondari, Zuhurah hakusoma. Kwa hiyo Medina ndiye aliyeandika vikaratasi, kama alivyoandika kila kitu cha nyumba ile. Alikaa chumbani kwake na kalamu. Ilikuwa miaka tisa tangu Fadhul amlete Zuhurah, na kwa miaka yote tisa Medina alikuwa akipima: nani ameitwa kwanza, nani amechekewa, mlango wa nani umefunguliwa kwa haraka zaidi. Alimwona Zuhurah kwenye gurudumu lile, bega kwa bega na Fadhul. Akaandika *Medina*. Kwenye karatasi ya pili akaandika tena *Medina*.

Sumayah alitia mkono kikapuni, akatoa moja. Fadhul aliifungua. "Bismillahi. Atakayefuatana nami ni Medina."

Zuhurah aliinuka. Alikwenda kufunga nguo za Shamim. Medina aliitia karatasi ya pili kwenye moto wa sigiri, na jioni ile alikula vizuri.

Usiku wa kwanza huko Awindiri, watoto walipolala, Medina alikwenda kuoga. Bafu lilikuwa uani. Aliporudi, chumba kilinukia ubani na msandali, mchanganyiko alioutengeneza mwenyewe na kuufukiza siku za zamu yake. Chetezo alikuwa amekisahau Koboko.

Fadhul alikuwa amelala chali, anatabasamu kwenye giza.

"Maneno uliyoniambia sasa hivi," alisema. "Kumbe unayajua."

"Nimekuambia nini?"

"Usijifanye."

Medina aliinama akatazama chini ya kitanda. Akafungua kabati. Hakufikiri jini; alifikiri mwanamke.

"Baba Sumayah, nani alikuwa humu?"

"Wewe."

"Nakuuliza, nani alikuwa humu?"

"Mama Sumayah, lala. Tumelipia nyumba ya kupumzika, si ya ugomvi."

Alilala. Upande wake wa kitanda shuka lilikuwa na joto.

Asubuhi, Shamim alimsogelea jikoni. Medina alikuwa amewatandikia wanawe godoro na kumwekea mtoto huyu mkeka karibu na mlango.

"Asante mama mkubwa kwa kunifunika," Shamim alisema. "Na kwa wimbo."

"Uliota."

"Sikuota. Ulinipangusa vumbi miguuni. Mikono yako ilikuwa baridi."

Kwenye lango la bustani, mkata tiketi, kijana mwenye kitambulisho kilichoandikwa Ondoga, alimzuia Fadhul kwa mkono.

"Mzee, tiketi hii ni ya wakubwa wawili. Bibi yako ile ingine imeshapita ndani."

"Bibi gani?"

"Ile inafanana na huyu. Si ni mapacha? Hata gauni ni moja."

Fadhul alicheka kwa hasira. "Tangu jana kila mtu wa Arua ananiuzia mke nisiye naye!"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Medina hakucheka. Alikuwa amevaa gauni la kijani alilolishonesha kwa ajili ya siku hii, na hakuna aliyeliona kabla ya asubuhi ile. Aliomba simu ya Fadhul kwa kisingizio cha kupiga picha, akapekua. Wateja wa vipuri. Mwalimu mwenye gari. Zuhurah, mara moja. Basi, akajiambia, ni huyo. Ameiba kitambaa changu, ameshona, amepanda bodaboda na kutufuata. Akampigia.

"Uko wapi?"

"Niko wapi tena, dada? Niko nyumbani mlikoniacha." Nyuma ya sauti ya Zuhurah kinu cha kusaga cha jirani kilikuwa kinanguruma, na Medina alikijua kinu kile. "Shamim hajambo?"

Medina alikata simu bila kujibu.

Mchana huo watoto walitaka gurudumu, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na jua kali, Medina alikwenda kuwatafutia maji. Aliporudi na chupa mikononi hakuwakuta, akainua macho, akaona kiti chekundu kikipanda taratibu na watoto watatu wakipunga mikono, na katika kiti kinachokifuata alimwona Fadhul, na kando ya Fadhul mwanamke mwenye gauni la kijani na mtandio wa njano aliyemwegemea begani kama mtu aliyezoea bega hilo. Chupa zilimtoka. Alitaka kupiga kelele amtukane mwanamke yule kwa jina la mama yake, maana damu ilikuwa imempanda kichwani na bado hakuwa na hofu, alikuwa na wivu tu, na kiti kilipofika juu kabisa na kuanza kushuka upande wake alijiandaa kumwona uso ili amjue milele. Kikashuka, na uso ukakaribia, na ulikuwa uso aliouona kila siku kwenye kioo, wenye kovu lile lile la nyusi, isipokuwa yule alikuwa anacheka bila kuziba mdomo kwa mkono, kwa sababu meno yake yote yalikuwa mazima na Medina alikuwa amevunjika jino la mbele tangu uzazi wa Nasiri; na yule alimtazama Medina kutoka kitini, akamtazama bila chuki, jinsi mwenye duka anavyomtazama mteja aliyepita tu, kisha akamnong'oneza Fadhul kitu, na Fadhul akacheka kicheko ambacho Medina hakuwa amekisikia kwa miaka tisa.

Gurudumu liliposimama, Fadhul alishuka na watoto. Hakukuwa na mwanamke.

"Umeshuka mbio kweli," alimwambia Medina. "Ulikuwa hapa kando yangu sasa hivi. Na maji umeyamwaga ya nini?"

Usiku ule Medina hakulala. Alikaa ameegemea ukuta, ameshika mkono wa mumewe, na kila aliposinzia alihisi kuna mkono mwingine umeshika ule wa pili.

Siku ya tatu, siku ya kurudi, alimuuliza Mama Eyotaru kwa sauti ya chini kama kuna mtu wa kusomea wenye majini. Mama Eyotaru, ambaye alikuwa Mkristo, hakushangaa. Alimwelekeza kwa Ustadhi Latifu, fundi cherehani karibu na soko. Medina alimwambia Fadhul anakwenda kununua viungo, atarudi kabla ya saa nane.

Aliwakuta watu watano mbele yake. Zamu yake ilipofika, Ustadhi Latifu hakuacha kushona. Alikuwa anatia ukanda kwenye suruali ya shule.

"Safari yenu ilianzaje?" aliuliza.

Medina alimweleza gari, nyumba, tiketi, kura.

Mashine ikasimama. "Kura ilikuwa na majina mangapi?"

Medina alitazama chini.

"Mwanangu, mimi ni fundi. Siwezi kukata kitambaa usichoniletea."

"Mawili," Medina alinong'ona. "Yote langu."

Ustadhi aliondoa mkono kwenye mashine. "Jini havunji mlango. Anangoja aitwe. Wewe ulimtoa mwenzako, ukaacha nafasi tupu, ukaandika jina juu yake, na mumeo akalisoma kwa bismillahi. Waliitwa Medina wawili. Wamekuja wawili."

"Nifanye nini? Nipe kombe la aya ninywe. Nitachinja."

"Sikupi kombe. Dawa iko kwa uliyemdhulumu. Mwambie kwa kinywa chako ulichofanya, umwombe radhi. Akikusamehe, yule hana pa kusimama." Alishika tena gurudumu la mashine. "Lakini usikawie. Kila saa anajifunza kuwa wewe. Siku atakapofanya jambo lililokushinda, nafasi ni yake."

Nje, Medina alishika simu. Jina la Zuhurah lilikuwa mbele ya macho yake. Alijaribu maneno mdomoni: *nisamehe, Mama Shamim.* Yalikwama kama mfupa wa samaki. Kumwomba radhi Zuhurah! Zuhurah ambaye angenyamaza kwanza, kama kawaida yake, na kuufanya ukimya wenyewe kuwa adhabu. Ambaye kesho angepika na kupakua akijua. Afadhali uso kwa uso, alijiambia. Afadhali nikifika. Akairudisha simu kwenye mkoba, akaingia sokoni kununua viungo ili asirudi mikono mitupu.

Ilikuwa saa kumi alipofika Awindiri. Gari halikuwapo. Mama Eyotaru alikuwa anafagia chumba, na alipomwona alishika ufagio kwa mikono miwili.

"Wamekwenda wapi?" Medina aliuliza.

"Mlikwenda saa nane. Wote." Alirudi nyuma hatua moja. "Wewe mwenyewe umeniaga hapa. Umebeba ile mtoto mdogo mgongoni. Umesema asante, Mungu akubariki."

"Mimi?"

"Siku tatu hukuniambia asante hata moja. Nilishangaa."

Medina alimpigia Fadhul. Simu iliita hadi ikakatika. Alipiga tena. Jua la jioni lilikuwa linaingia chumbani ambamo kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko alivyowahi kukitandika, na humo ndani ubani ulikuwa bado unanukia, na alisimama katikati ya harufu yake mwenyewe akampigia Zuhurah, akiapa kwamba atasema yote kwa pumzi moja kabla kiburi hakijamshika tena.

"Halo? Nani mwenzangu?"

"Ni mimi. Medina."

Zuhurah aliguna.

"Zuhurah, usikate. Nisikilize. Ile kura niliiharibu. Karatasi zote mbili niliandika jina langu. Safari ilikuwa haki yako kama yangu. Nisamehe. Tafadhali, mdogo wangu, sema umenisamehe."

"Hayo nimeshaambiwa," Zuhurah alisema.

"Na nani?"

"Na Medina. Wamefika kitambo. Alisimama mlangoni na Shamim mgongoni, akakataa kuingia kabla hajasema. Alilia. Akasema karatasi zilikuwa mbili na jina ni moja. Akanishika miguu."

"Siyo mimi!" Medina alipiga kelele. "Huyo ni jini! Usimsamehe! Mtoe, msomee, mwambie Baba Sumayah amtazame meno!"

Kule Koboko, hatua zilisikika. Zuhurah alikuwa anasogea mbali na wengine. Aliporudi kwenye simu alizungumza polepole, karibu na kipaza sauti.

"Dada, miaka tisa nimekaa na wewe. Nilipojifungua Shamim na nikawa mgonjwa siku arobaini, hukuvuka ua kuniletea uji. Sijawahi kusikia neno radhi kinywani mwako." Alivuta pumzi. "Alipolitamka tu mlangoni, nilijua si wewe."

Medina aliikandamiza simu sikioni.

"Nilijua," Zuhurah alisema. "Nikamsamehe hivyo hivyo."

Kisha akageuza uso kutoka kwenye simu na kuita kuelekea ndani ya nyumba: "Medina!"

Na mtu akaitika, "Labeka, mdogo wangu."